Matawi Mbele ya Lango Letu

Alhamisi, usiku. Mvua imekatika sasa hivi. Barabara yetu ni tope jekundu mpaka kwenye kona, umeme haujarudi tangu juzi, na simu nimeichaji leo jioni kwa kinyozi mwenye jenereta. Nitaandika mpaka izime yenyewe.

Macho yangu yamevimba. Leo nimelia kilio cha mume wangu.

Mume wangu hajafa. Au amekufa. Sijui. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nikiishika mkiani hakuna atakayenielewa, basi naanza mwanzo.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mshonaji, mtoto wa Lubumbashi, tunakaa Kampemba. Mume wangu Kambale ni mtu wa Kivu Kaskazini. Alikuja huku kijana, amekaa juu ya maharagwe kwenye lori la mjomba wake, akapapenda, akanioa, akafungua depo yake ya maharagwe na viazi. Ndugu zangu walinicheka wakati ule, wakisema nimeolewa na gunia. Vita viliporudi kule kwao na kuanza kumeza mji baada ya mji, alisema anakwenda kumtoa mama yake na kuokoa mzigo uliobaki kule, halafu anarudi. Mama amefika. Alipitishwa Uganda, Tanzania, Zambia, akashushwa mpakani Kasumbalesa na kifurushi kimoja, miguu imevimba. Kambale ndiye aliyempandisha kwenye gari la rafiki yake, yeye akabaki nyuma kwa sababu ya ule mzigo. Mwanzoni simu yake iliita bila kupokelewa. Siku hizi haiiti kabisa.

Ujumbe wake wa mwisho wa sauti ninao bado. Nyuma ya sauti yake kuna injini za magari na mtu anayefoka. Anasema: "Mama anatangulia. Miye nitakuya nyuma. Muniwekee bukari."

Alikuwa anatania; bukari ndio ugali wetu huku. Ndivyo alivyosema kila alipochelewa depo. Mama yake hakuuchukua kama utani.

Tangu afike, huyu mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Koko, yaani bibi, kila jioni kabla mtu yeyote hajanawa mikono anamkatia mwanawe sehemu yake ya bukari. Anaiweka kwenye sahani ya bati yenye maua, mboga pembeni, anafunika kwa bakuli, anaipandisha juu ya kabati. Asubuhi watoto wanaila ikiwa baridi kabla ya kwenda shule. Masika, mkubwa, anakula kimya. Paluku, mdogo wake, anasema neno lilelile kila siku: "Tunakula ya Papa." Kwa akili yake, Papa angekuwa amekuja usiku, sahani ingekuwa tupu. Chakula kikiwepo, Papa hayupo. Nimejaribu kuipinga hesabu hiyo nikashindwa.

Nitasema ukweli, maana hapa ndipo ninapousema. Nilikuwa naichukia ile sahani. Malori ya mahindi yanafika yanapotaka, watu hawashonishi nguo mpya wakati kila mmoja anasikiliza habari za vita, na mimi napima unga kwa kikombe, halafu naangalia tonge zima la bukari likienda kulala juu ya kabati. Lakini sababu haikuwa unga. Kila jioni ile sahani ilinipita mbele ya uso ikiniuliza kama atarudi, na watoto walikuwa wanatazama.

Mimi na Koko hatugombani. Afadhali tungegombana, nyumba ingepata hewa. Tunapishana tu mlangoni, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi, kwa adabu, kama wagonjwa hospitalini.

Yeye ni mtu wa mikono. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja ya tatu wala hakungoja kupewa. Kopo la maziwa alilifanya taa, ndiyo inayonimulikia sasa. Vipande vya vitenge vinavyoanguka chini ya cherehani yangu alivishona vikawa mto wa Paluku, halafu mwanasesere wa Masika, mwenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Kiti kilichovunjika alikifunga kwa mpira wa baiskeli, sasa kinakaliwa. Nyuma ya nyumba, tulipokuwa tunatupa taka, alilima kitanda cha lengalenga, mchicha wetu. Yote hayo alifanya bila kuuliza, na mimi badala ya kufurahi nikajiona mgeni ndani ya nyumba yangu. Nilimshukuru? Sikumbuki kama nilimshukuru.

Lengalenga ikaota vizuri. Mabata ya Mama Ilunga yakaisikia harufu.

Mama Ilunga anakaa mkabala nasi, ng'ambo ya barabara. Ni mtu wa Mitwaba, na yeye pia aliingia mji huu akikimbia, zamani kidogo, watu wenye silaha walipochoma kijiji chao. Ana mabata mengi na hayajui mpaka. Yalikula lengalenga mpaka kwenye shina. Nilivuka barabara kwenda kumwambia, si kwa sauti nzuri. Akanijibu, naye si kwa sauti nzuri, kwamba watu wa Kivu wameujaza mji huu, sasa hata bata wa mwenyeji hana pa kupita. Ananiambia mimi, niliyezaliwa hapa kabla yeye hajajua mji uko upande gani. Nilirudi nyumbani bila kuaga. Tangu siku ile tulikuwa tunapita bila kusalimiana, na kwenye barabara yetu, kumnyima mtu salamu ni jambo kubwa.

Sasa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Kwetu, nyumba ikipata kifo, tunakata matawi ya mti na majani yake, tunayalaza barabarani mbele ya lango, upande huu na upande ule. Gari linapunguza mwendo. Muziki unazimwa. Kila anayepita anajua kwamba hapa kuna kilio. Hakuna haja ya tangazo jingine. Ukiona matawi unafunga kitenge kiunoni, unabeba ulicho nacho, unaingia unalia. Maswali yanakuja baadaye.

Koko hajui hayo. Kijiji chao kiko juu mlimani, hakuna gari la kupunguza mwendo. Kwake matawi ni kuni au ni uzio.

Asubuhi nilikwenda Katuba kupeleka sare za shule kwa mteja. Simu ilikuwa imezima tangu jana. Watoto walikuwa shuleni. Koko alibaki peke yake na ile hasira yake ya mabata, ambayo hakuwahi kuitamka. Akachukua panga, akaukata mti wetu wa avoka matawi yote ya chini, ya kuzungushia mboga. Uwanja wetu ni mdogo na nilikuwa nimeanika nguo. Kwa hiyo aliyaburuta matawi mpaka nje, akayalaza barabarani, safi kabisa, upande huu na upande ule ili magari yapate kupita katikati, akayawekea mawe yasichukuliwe na upepo. Alitaka jua linyaushe majani, yapukutike, achonge fito. Hata angefundishwa na mtu wa hapa, asingeweza kutangaza kifo vizuri zaidi.

Na barabara nzima inajua Kambale alikwenda wapi.

Basi dogo liliniacha kwenye lami. Nilitembea na mfuko wangu mtupu nikifikiria vifungo, kwa sababu mteja alitaka vifungo vingine. Nilipofika kwenye kona, kwa Ya Kabedi, yaani dada Kabedi, anayekaanga mandazi, niliwaona watoto wangu wawili wamekaa kwenye benchi nyuma yake. Midomo imejaa. Paluku ana andazi kila mkono. Mimi siwanunulii mandazi katikati ya juma, na Ya Kabedi si mtu wa kugawa. Nilifungua mdomo niwagombeze. Ya Kabedi hakuniangalia. Alikuwa anageuza mandazi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Endaka ku nyumba, mama," akasema. "Batoto nitabaleta miye."

Alisema kwa sauti ya chini. Sauti ya Ya Kabedi inauza mandazi mpaka barabara ya pili. Sijawahi kumsikia akiishusha. Hapo nilijua kuna kitu.

Nikatembea. Nikajiambia ni Koko. Ni mzee, amechoka, safari ile ilimmaliza, ameanguka. Nikamwonea huruma, na nitasema hata hili, nikaanza kufikiria tutamzika wapi na nani atawaambia watu wa kwao. Nilikuwa tayari nimempanga. Halafu nikayaona matawi mbele ya lango letu, mabichi, yenye mawe juu yake, na kutoka ndani nikasikia sauti ya Koko analia.

Koko alikuwa hai, na analia. Basi aliyekufa angeweza kuwa mmoja tu.

Sasa naandika kitu ambacho sitamwambia mtu wa kuniona uso. Kabla sijaanguka, kabla sijapiga kelele, kulikuwa na pumzi moja. Katika pumzi ile kitu kilishuka mabegani mwangu. Nilisema moyoni: haya, imekwisha. Nilijisikia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji toka mbali akaambiwa aitue. Nilipumzika. Mume wangu amekufa na mimi nimepumzika.

Kisha nikaanguka.

Sikumbuki vizuri nilivyoingia. Nakumbuka mikono. Nakumbuka kitambaa changu cha kichwa kilianguka na mtu alikiokota akanifunga nacho tena, vibaya, kikanifunika jicho. Nakumbuka harufu ya moshi, kwa sababu majiko mawili ya mbabula yalikuwa yameshawashwa uwanjani, makaa yamewaka vizuri, na sufuria kubwa ambayo si yangu ilikuwa imekaa juu. Wanaume wawili walikuwa wanafunga turubai kwenye ule mti wa avoka uliokatwa. Mabenchi ya kanisa yalikuwa yameletwa. Sijui watu wetu wanafanyaje haraka vile. Kwa kujenga choo cha barabara tumeshindwa miaka yote, lakini kilio kinasimama kabla maji hayajachemka.

Na aliyenishika kiuno, aliyekuwa akilia kwa nguvu kuliko wote, alikuwa Mama Ilunga. Beseni la unga wake lilikuwa chini pembeni yetu, limejaa mpaka juu. Niliona unga ule na nikalia zaidi. Alikuwa akisema sikioni mwangu, "Mutoto ya bantu, mutoto ya bantu, alikuwa ananisalimiaka kila asubui." Ni kweli. Kambale alikuwa akimsalimu yeye na mabata yake.

Tulilia. Nililia yote ambayo sikuwa nimelia toka simu ilipoacha kuita. Niliyaita majina yake yote, lile la ubatizo, lile la kwao, na lile la gunia. Koko alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, anapiga mapaja yake, anaimba kwa Kinande wimbo ambao hakuna aliyeuelewa na wote walikuwa wanaulilia. Nilitambaa mpaka kwake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike tunashikana. Ni mwepesi sana. Mikono yake ilikuwa inanuka utomvu wa avoka na mimi sikujiuliza kwa nini.

Baada ya muda sauti zilishuka kidogo, kama inavyokuwa, watu wanapovuta pumzi. Nilitaka kujua. Mtu anataka kujua mwenzake aliangukia wapi, kama alikuwa peke yake. Nilimuuliza Koko, "Mama, alikufia wapi? Nani alipiga simu?"

Akaacha kupiga mapaja. Akanitazama kwa macho mekundu.

"Unaniuliza miye?" akasema. "Ni hawa bamama njo balikuya na habari. Baliingia banalia."

Nikamgeukia Mama Ilunga. Mama Ilunga akanitazama mimi, akamtazama Koko, akanitazama tena.

"Habari gani?" akasema. "Shiye hatuna habari. Tuliona tu matawi. Si ni ninyi njo mulitia matawi mu njia?"

Wote wakageuka kumtazama Koko. Hata yule aliyekuwa anafunga turubai alibaki mikono juu. Koko aligeuza shingo polepole kuelekea langoni, akayaangalia matawi yake, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliacha nini motoni.

"Ile matawi," akasema, "ni ya kuzungushia mboga. Niliyaweka ku jua, majani ianguke." Na kwa sababu watu waliendelea kumtazama, akaongeza kwa sauti ndogo: "Juu ya mabata."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wanawake waliona matawi wakaingia wanalia. Koko aliona wanawake wanaingia wanalia, Mama Ilunga akamkumbatia akamwambia pole, mtoto wetu ameenda, naye akajua wameletewa habari ya mwanawe, akaangua kilio. Wanawake walipomwona mama mzazi analia hivyo, hawakuuliza tena. Mimi nikawakuta wote. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua. Watu wote wale, na hakuna aliyekuwa na habari hata moja.

Hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Kilio kina namna ya kuanza na kina namna ya kwisha, siku ya kunyoa, siku ya kuoga, lakini hiki hakikuwa na namna. Huwezi kumwambia mtu hongera kwa kuwa hujui kama mumewe yu hai.

Ndipo bata mmoja akaingia. Alipita katikati ya wafiwa bila wasiwasi, akaelekea nyuma ya nyumba kwenye kilichobaki cha lengalenga. Watu wote walimfuata kwa macho. Mama Ilunga akajifuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe ni mabata yangu njo yanataka kuua mutoto ya bantu," akasema.

Mtu mmoja alicheka. Halafu mwingine. Nilicheka mimi, kicheko kibaya, kilichotoka tumboni na kugeuka kilio tena katikati ya njia. Mama Ilunga naye vilevile. Koko hakucheka. Alikuwa bado anaangalia lango.

Nilimwambia Mama Ilunga achukue unga wake, na wengine wachukue vyao, makaa, sombe ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese kwenye chupa. Siku hizi hakuna mwenye unga wa ziada, na beseni lile najua ni chakula cha nyumba yake mpaka mwisho wa juma. Akakataa. "Unga ya kilio hairudiaka," akasema. "Yenye ilishaingia, ilishaingia." Nikamwambia lakini hakuna kilio. Alisimama, akakaza kitenge, akatoka nje akaanza kuburuta tawi.

Wakatoka wote. Sijui niseme nini kuhusu jambo hili, nitasema tu nilivyoliona. Wanawake waliokuja kunililia walipukutisha majani kwa mikono. Wale wanaume walilishusha turubai wakaanza kuchonga fito kwa panga la Koko. Mmoja alileta waya wake. Mama Ilunga alichimba mashimo, yeye mwenyewe, ya kuzuia mabata yake mwenyewe, akiyatukana yalipokaribia. Ya Kabedi alipowaleta watoto, walikuta watu wamejaa uwanjani wanajenga uzio. Paluku akauliza kuna sikukuu gani. Masika hakuuliza. Aliniangalia macho, akaangalia mabenchi, akaenda kumshika bibi yake mkono. Yule mtoto anajua. Mvua ilipoanza, uzio ulikuwa umekwisha. Umeegemea upande mmoja, lakini bata hapiti.

Kabla mvua haijakaza, watu wakianza kuondoka, nilichukua ufagio nikafagia barabara. Nilifagia majani yote ya avoka, hata madogo, hata yaliyokanyagwa kwenye udongo nikayang'oa kwa kucha. Sikutaka libaki hata moja mbele ya lango langu. Mama Ilunga alisimama ng'ambo akinitazama, mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia usiku mwema. Nami nikamwitikia.

Nilidhani hapo ndipo siku imekwisha.

Jioni nikasonga bukari. Nilisonga kwa unga wa Mama Ilunga, ndio uliokuwepo. Mweupe, umesagwa vizuri kuliko wangu. Watoto wakanawa. Nikaona Koko amekaa kwenye kiti chake cha mpira wa baiskeli, mikono mapajani. Hakuinuka. Nikangoja. Bukari ilikuwa inatoa moshi kwenye bakuli, na sahani ya bati yenye maua ilikuwa kwenye rafu, kavu, na yeye hakuigusa.

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nimemulilia mutoto yangu," akasema, "na macho yangu haikumuona." Akaitazama sahani. "Sasa nitamuwekea namna gani?"

Nilielewa. Alikuwa amemzika. Kwa mchana mmoja alikuwa amemzika mwanawe, kwa wimbo wa kwao na kwa machozi yote, na sasa tulikuwa tunamwambia amfukue amweke tena kwenye orodha ya wanaokuja kula. Hana nguvu hiyo. Nani angekuwa nayo? Na mimi, kwa miezi yote hii, ile sahani niliyokuwa naiona kama ugonjwa wa mzee, leo nimejua ilikuwa ni kazi. Alikuwa akiifanya kwa niaba yetu sote. Alikuwa ameubeba upande wake wa ndoo na upande wangu.

Paluku alikuwa anatazama rafu.

Niliinuka. Nilichukua sahani, nikaipangusa kwa kitenge ingawa ilikuwa safi. Nikakata sehemu ya Kambale. Sikukata kidogo. Mkono wangu haujui kukata vizuri kama wa Koko, umbo lilitoka vibaya, nikalilainisha kwa mwiko uliolowa maji. Nikaweka sombe pembeni, na kwa sababu mafuta ya mawese yalikuwepo leo, nikaongeza. Nikafunika kwa bakuli. Nikapandisha juu ya kabati.

Unga walioleta kwa kifo chake, ndio nimempikia.

Koko alinitazama mpaka nilipokaa. Kisha akasogeza kiti chake karibu na sahani yetu, akanawa, akaanza kula. Nilimwambia asante kwa uzio. Nilimwambia na kwa taa, na kwa mto, na kwa kiti. Nilianza nikashindwa kuacha. Aliendelea kutafuna huku akitikisa kichwa, kama mtu anayeambiwa habari za watu asiowajua. Mwisho akasema mwanasesere ana mguu mbaya, ataurekebisha.

Sasa wamelala. Betri ni nyekundu. Kutoka hapa nilipo naiona sahani juu ya kabati, na taa ya kopo inafanya kivuli chake kuwa kikubwa ukutani.

Kwa pumzi moja leo nilimwacha aende. Sijui kama huko aliko mtu anasikia jambo kama hilo. Kama anasikia, anisamehe, aje anigombeze mwenyewe.

Nimeacha lango bila komeo. Watoto wangu wanaamka na njaa kila siku, na kila siku naomba wapate cha kula. Leo naomba kinyume. Mungu wangu, kesho waamke wakute sahani tupu.